Pumzi ya Mtoto Isigawanywe kwa Bei

Nina wana wawili waja wazito. Mmoja nimemzaa mimi mwenyewe, naye ameolewa Embu, chini ya Mlima Kenya, ambako mumewe anasomesha. Wa pili ni mtoto wa ndugu yangu marehemu, anakaa London. Lakini sisi watu wa pwani twajua kuwa mtoto wa ndugu ni mtoto, na yeye kuniita ami ni desturi ya ulimi tu. Mimba zao zimepishana siku chache. Usiku husimuliana kwa simu, huyu kichefuchefu, yule miguu kuvimba, kama walivyokuwa wakisimuliana habari za wanasesere barazani kwa bibi yao, Mji wa Kale, Mombasa.

Usiku mmoja yule wa London akamwambia mwenzake kuwa amedungwa sindano ya kumkinga mtoto na maradhi ya kifua. Alidungwa mimba ilipotimia wiki 28, bila ya kulipa hata senti. "Na wewe umeshadungwa?" akamwuliza. Wa Embu akajibu kuwa yeye amedungwa ya pepopunda. Hiyo nyingine hajapata kuisikia.

Asubuhi akanipigia simu. "Shikamoo baba. Wewe ni mtu wa magazeti. Sindano hiyo ni ya nini, na mbona huku kwetu haipo?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwambia nitamletea jawabu mwenyewe, kwa miguu yangu.

Msomaji wangu, swali lile lilinigusa mahali ambapo mwanangu hapajui vizuri. Kabla yake yeye tulijaliwa mtoto wa kiume, mwaka 1996. Tulimtoa arobaini, tukamsomea maulidi, jamaa wakaja kumbusu na kumpakata. Siku chache baadaye alianza mafua, kisha kikohozi, kisha akawa anapumua mbiombio na kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu. Titi akalikataa. Siku ya 53 tukamzika. Tuliambiwa ni kichomi, nasi tukasema ni amri ya Mungu, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini amri ya Mungu haijamkataza mja kuuliza ugonjwa ule ulipita mlango gani.

Basi nikafunga safari ya Embu.

Wapwani wengi tukisikia Embu hukumbuka muguka tu, na ule ugomvi wa Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku hadi mahakama ikaingia kati. Lakini Embu ni zaidi ya jani. Ukiacha barabara kuu ya Thika na kuelekea mlimani utaiona nchi ikigawanyika vipande viwili. Juu, upande wa Manyatta na Runyenjes, ni chai na kahawa na ukungu wa asubuhi. Chini, upande wa Mbeere, ni nchi kavu ya mtama, ndengu na mbuzi, na nyumba zimeachana mbali. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599, na jirani yake Meru watu 1,545,714. Meru nayo ina juu na chini yake: Imenti yenye rutuba, milima ya Nyambene yenye miraa, na nyanda kavu za Tigania na Igembe.

Kabla sijasema niliyoyaona huko, nieleze kwanza ugonjwa wenyewe.

Wataalamu wamekipa kirusi hiki jina refu, na wao wenyewe hulifupisha kwa herufi tatu: RSV. Kiligunduliwa Marekani mwaka 1956 katika sokwe wa maabara waliokuwa wakiugua mafua, na haukupita muda kikaonekana katika vifua vya watoto wachanga. Kwa mtu mzima ni mafua ya siku chache. Kwa mtoto wa miezi miwili, ambaye njia zake za pumzi ni nyembamba kama mabua, huweza kuwa mauti. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema kirusi hiki kiliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi sita. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, zaidi ya 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kirusi kinazunguka dunia nzima, ila makaburi yamerundikana upande mmoja.

Na sehemu kubwa ya elimu hii imetoka kwetu. Pale Kilifi, ambapo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na Wellcome Trust ya Uingereza wameshirikiana tangu 1989, wataalamu wamekuwa wakikifuatia kirusi cha RSV hospitalini kwa zaidi ya miaka ishirini. Kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010 waliingia katika nyumba 47 za mashambani na kuwachukua watu majimaji ya pua, wakubwa kwa wadogo, mara mbili kila wiki. Walitaka kujua nani humletea mtoto mchanga ugonjwa. Wakakuta kuwa zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa waliupatia nyumbani, na aliyewaletea mara nyingi ni kaka au dada yao, hasa yule aliyekwisha kuanza shule. Niliposoma hayo nilinyamaza kitambo. Wanetu wa Kilifi wametoa pua zao ili dunia ielimike.

Sasa ile sindano. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walijaribu kutengeneza chanjo ya kumdunga mtoto mwenyewe. Jaribio la 1966 lilikwenda vibaya: badala ya kuwakinga, watoto waliodungwa waliugua vikali zaidi walipokutana na kirusi, na wawili wakafa. Hofu ya jambo lile ilichelewesha kazi miaka mingi. Ilipofika 2013 wanasayansi, miongoni mwao Jason McLellan na Barney Graham, waliweza kuliona na kulishikiza umbo la kile kibanzi ambacho kirusi hutumia kujipenyeza mwilini, kabla hakijabadili sura. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Chanjo iliyotokana na elimu hiyo hadungwi mtoto. Hudungwa mama, miezi ya mwisho ya mimba. Ndani yake hamna kirusi kizima, mna kile kibanzi tu. Mwili wa mama hutengeneza kingamwili, nazo hupita katika kondo la nyuma zikaingia katika damu ya mtoto, na mtoto huzaliwa nazo kama mtu aliyeachiwa akiba. Zataka kiasi cha wiki mbili kabla ya kuzaa ili akiba itimie. Katika majaribio ya nchi 18, zikiwemo Afrika Kusini na Gambia, yaliyochukua wanawake zaidi ya 7,000 na kutangazwa 2023, chanjo ilizuia ugonjwa mkali kwa kiasi cha asilimia 82 katika miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 69 katika miezi sita.

Nami sitaficha lililo kinyume. Katika majaribio hayo watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wengi kidogo kwa waliochanjwa, ingawa tofauti haikutosha kuthibitisha kuwa chanjo ndiyo sababu. Kwa tahadhari, Marekani ilipoiruhusu Agosti 2023 iliiwekea mpaka wa wiki 32 hadi 36. Uingereza ilianza kuwapa wajawazito wote tarehe 1 Septemba 2024, tangu wiki ya 28. Shirika la Afya Duniani lilitoa idhini ya ubora Machi 2025, na Mei mwaka huo likazishauri nchi zote ziwape watoto wao kinga hii, ama kwa kumchanja mama tangu wiki ya 28, ama kwa sindano ya kingamwili apewayo mtoto mwenyewe.

Ushauri umetoka, lakini ushauri na sindano ni vitu viwili. Hadi mwaka 2025 ulipokwisha chanjo hii haikuwa imeingia katika ratiba ya kawaida ya chanjo za Kenya.

Mwanangu alinipeleka kwa muuguzi mmoja upande wa Mbeere, katika zahanati ndogo ambayo jina lake nalihifadhi. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kutuliza. Alinifungulia friji inayotumia umeme wa jua. Mlikuwa na chanjo za watoto, na kwa wajawazito ile ya pepopunda iliyochanganywa na ya dondakoo. Nikamwuliza habari za ile ya London.

"Nimeisikia katika semina," akasema. "Lakini, mzee, hata ikija kesho, mama atanifikia lini?"

Akanionyesha kitabu chake. Wanawake karibu wote huja, lakini wengi huja mimba imekwisha kwenda mbali, na wengine huja mara moja wasirudi. Jambo hilo si la Mbeere peke yake. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wajawazito 98 katika 100 nchini walionwa na mhudumu mwenye ujuzi, lakini waliofika mara nne au zaidi ni 66 tu. Shirika la Afya Duniani lashauri mara nane. Chanjo yenye dirisha la wiki chache yampotea mama wa ziara moja.

Pale bao la nje aliketi mwanamke mwenye mimba ya mtoto wa nne, miezi saba, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza. Aliondoka kwake alfajiri kwa miguu. Nilimwuliza kwa nini amechelewa. Alicheka akatazama chini. "Baba, bodaboda kuja na kurudi ni unga wa siku mbili."

Serikali iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali za umma Juni 2013, baadaye ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo yamehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii. Chanjo yenyewe haiuzwi. Lakini hakuna aliyeiondoa bei ya njia. Mwanamke wa Embu mjini na mwanamke wa Mbeere wameandikiwa haki moja katika karatasi. Mmoja huifikia kwa dakika kumi, mwingine kwa saa tatu. Na mwezi Juni 2025, nchi ilipopungukiwa na chanjo za kifua kikuu na polio, bila shaka aliyetembea saa tatu akaambiwa "njoo wiki ijayo" alipoteza zaidi ya aliyekuja kwa dakika kumi.

Kutoka Embu nilipanda gari nikapita Runyenjes, Chuka na Nkubu mpaka Meru mjini. Nilifikia Majengo, kwa Waislamu wenzangu, na baada ya sala nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Imenti mwenye sifa ya kujua mambo ya kale. Aliposikia kuwa natoka pwani alinishika mkono akacheka: "Basi wewe ndiye uliyetufukuza!"

Wameru wana hadithi kuwa asili yao ni kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa. Wapo wataalamu wanaokitafuta karibu na Manda, huko Lamu. Walidhulumiwa na watu wa nguo nyekundu, wakavuka maji usiku wakakimbia. Waliovuka gizani wakaitwa ukoo wa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limetoka weupe. Mzee alipomaliza, nikamweleza habari za wanangu wawili na sindano. Akafikiri kidogo, akasema: "Hata kuvuka kule hatukuvuka saa moja. Lakini hakuna aliyeachwa ng'ambo."

Kisha mke wake, aliyekuwa akimenya ndizi, akaingia mazungumzoni. Yeye alitaka kujua kama sindano hii si ile ya kufunga uzazi. Alikumbuka mwaka 2014, maaskofu wa Kikatoliki nchini walipodai kuwa chanjo ya pepopunda ya wanawake imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, na miaka michache baadaye Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi zilizoondokana na pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Miaka imepita, na bibi yule bado analo moyoni.

Sikumcheka. Nani kati yetu wapwani hana jirani aliyeficha mtoto wakati wa polio? Nilimsimulia habari ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, pwani ya Benadir. Huyu alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini na chanjo ikitolewa mlangoni pake, akaikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Baadaye alizunguka Somalia akiwaambia watu wachanje watoto wao kwa polio, na mfano aliowapa ni nafsi yake. Alifariki 2013 akiwa katika kazi hiyo. Bibi akasema, "Mtu kama huyo ningemsikiliza." Nami nikaona kuwa bibi ametoa fatwa ya wilaya nzima: watu humsikiliza aliye kama wao, anayekiri kuwa na yeye aliogopa.

Nikarudi kwenye lile swali la mwanangu: mbona haipo? Jawabu la kwanza ni bei. Marekani dozi moja huuzwa karibu dola 300. Nchi kama zetu hutegemea muungano wa Gavi, ambao hununua kwa wingi ili bei ishuke, na Gavi ilikwisha kuiweka chanjo ya RSV ya wajawazito katika mipango yake tangu 2018, kabla hata haijatengenezwa. Lakini katika mkutano wa Brussels wa Juni 2025 wafadhili waliahidi zaidi kidogo ya dola bilioni 9, nayo Gavi ilihitaji 11.9. Marekani ilitangaza kujitoa. Kenya yenyewe imo katika njia ya kuacha msaada huo na kujinunulia chanjo zake. Kwa hiyo jambo linarudi mikononi mwetu: bajeti ya Nairobi, bajeti ya kaunti, na kura zetu.

Hapa nataka kusema na Waislamu wenzangu wa pwani. Kila mwaka mahujaji wetu hupanga foleni wadungwe sindano ya homa ya uti wa mgongo, maana bila ya hiyo hawaingii Makka. Hakuna anayesema kuwa sindano ile inapunguza tawakuli yake. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alitufundisha kuwa mtu hufunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo humtegemea Mola. Ikiwa twamfunga ngamia wa safari ya mzee wa miaka sitini, tumfungie na huyu anayesafiri kutoka tumboni kuja duniani.

Majengo ya Meru vijana fulani waliniambia kuwa kliniki ni mambo ya wanawake. Nikawauliza nani anayeshika pesa za bodaboda. Wakatazamana.

Basi tusikae tukingoja meli. Yapo ambayo kila nyumba yaweza leo. Mke aanze kliniki mapema, mara tu anapojijua, na mume ampe nauli bila ya kuombwa. Achanjwe ile ya pepopunda iliyopo. Mtoto anyonye maziwa ya mama. Mwenye mafua, hata akiwa bibi au kaka mpenzi, asimbusu mtoto. Najua desturi zetu za arobaini, wageni wote wampakate. Nami leo nasema, atakayenuna na anune. Moshi wa jiko na wa udi usijazwe chumbani alimolala mzazi na mwanawe. Na mtoto akipumua mbiombio, kifua kikibonyea, au akikataa titi, asingojewe mpaka asubuhi.

Haya yote hayaondoi dai letu. Chanjo ikija nchini isishukie Nairobi na Mombasa na hospitali za kulipa tu, ikamwachia wa Mbeere na wa Igembe habari za redioni. Mwakilishi wa wadi aulizwe: friji iko wapi, muuguzi yuko wapi, na gari la baridi hupita mara ngapi?

Niliporudi Embu kumuaga mwanangu nilimpa jawabu nililonalo. Hakulia, wala hakumwonea kijicho mwenzake wa London. Alisema tu, "Basi baba, andika." Usiku ule, hali ukungu umeshuka hata taa za barabarani hazionekani, nikaandika ubeti huu kabla ya makala:

Mtoto yumo tumboni, hajaiona dunia,
Mama humpa damuni, kinga ya kumlindia,
Na mwana wa mlimani, haijamfikilia,
Pumzi ni ya Jalia, tusiigawe kwa bei.

Sasa niko Mombasa, nangoja simu mbili, moja kutoka London na moja kutoka Embu. Inshallah wajukuu wangu watazaliwa mwezi mmoja. Mmoja atakuja na akiba yake kifuani. Huyu wa pili nimemwombea dua, na nimemwahidi mama yake kuwa wa baada yake hatakuja mikono mitupu.